Mfumo wa Zamani Ndani ya Kompyuta Mpya

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa ofisi waliohudhuria semina ya utunzaji wa kumbukumbu. Tunayachapa kama yalivyotolewa, isipokuwa salamu za mwanzo zimefupishwa.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni la fundi, wala si la mwandishi wa magazeti. Jambo lenyewe ni hili: ofisi inanunua kompyuta mpakato mpya, na kabla haijatumika hata juma moja anaitwa fundi aifute na kuiwekea mfumo wa zamani. Nimeliona jambo hili si mara moja wala mbili. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nimepata kulifanya, tena nikalifanya vibaya, nimeona ni haki nianze kwa kulikiri mbele yenu kabla sijamsema mtu mwingine.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kompyuta inapowashwa, ipo programu moja kubwa inayoamka kabla ya nyingine zote, ikashika hatamu za mashine nzima: diski, kioo, kibodi, printa na kadhalika. Hiyo ndiyo iitwayo mfumo endeshi. Mafundi wetu hawana haja na jina hilo refu. Wao husema "Windows" tu, na kazi ya kuiweka huiita "kupiga Windows". Windows nayo ina matoleo yake. Windows XP ilitoka mwaka 2001, Windows 7 mwaka 2009, Windows 10 mwaka 2015, na Windows 11 mwaka 2021.

Sasa niwasimulie yaliyonipata.

Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na programu ya kutunza kumbukumbu za utumishi wa walimu: tarehe za kuajiriwa, vyeo, uhamisho na likizo. Iliandikwa katika siku za DOS, kabla Windows haijaenea, na aliyeiandika hakuna ajuaye alikohamia. Ilikuwa ikiendeshwa katika kompyuta ya mezani yenye Windows XP, iliyokaa pembeni mwa chumba ikifunikwa kitambaa kila jioni kama cherehani. Siku moja kompyuta ile ikakataa kuwaka. Diski yake ilikuwa nzima, lakini bodi kuu ilikuwa imeungua. Ofisi ikanunua kompyuta mpakato yenye Windows 11, yaliyokuwamo katika diski yakahamishiwa humo, programu ikabonyezwa, nayo mashine ikajibu kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa humo. Basi. Hakuna maelezo zaidi.

Nilipofika nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi la ukumbini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wananiambia mashine imenisahau." Alikuwa anastaafu, na alihitaji maelezo ya utumishi wake kwa ajili ya mafao. Majalada ya karatasi ya miaka ile yalikuwa na mapengo, na yaliyokosekana katika karatasi yalikuwa ndani ya programu iliyokataa kufunguka. Nawaomba mkumbuke benchi lile wakati wote nitakapokuwa nikieleza mambo ya draiva na prosesa.

Fikra yangu ya kwanza, kama ambavyo ingekuwa ya wengi wenu, ilikuwa nyepesi: programu ni ya zamani, basi tuirudishie mfumo wa zamani. Nilichukua flashi nikaiwekea Windows 7, nikarudi ofisini baada ya saa za kazi. Nilidhani kazi itakwisha kabla ya saa mbili usiku. Ilinichukua jioni tatu, na haikufaa kitu.

Hapana budi nieleze sababu, maana hapa ndipo tunapokosea wengi. Tunadhani mfumo wa zamani ni mwepesi, na kompyuta mpya ni yenye nguvu, kwa hiyo mwepesi akiwekwa juu ya mwenye nguvu mambo yatakwenda mbio. Sivyo. Mfumo endeshi hauijui mashine kwa kuitazama. Unaijua kwa njia ya programu ndogondogo ziitwazo draiva, na kila kifaa lazima kiwe na draiva yake inayoueleza mfumo namna ya kukitumia. Mfumo uliotoka mwaka 2009 una draiva za vifaa vilivyojulikana hadi mwaka 2009. Kifaa kilichobuniwa baadaye ni mgeni kwake, na asipopatikana mtu wa kuwatambulisha hawatasemezana kamwe. Mfumo mpya kwenye mashine ya zamani aghalabu huenda, ijapokuwa kwa kujikokota, kwa kuwa mpya ameikuta ya zamani ikiwapo duniani. Kinyume chake ndicho kigumu.

Jambo hili si geni. Wale waliokuwa makazini mwaka 2007 watakumbuka Windows Vista ilipotoka, na jinsi watu walivyoichukia kwa uzito wake. Watu walinunua kompyuta mpakato zenye Vista wakataka kuzirudisha kwenye XP. Lakini diski za kompyuta hizo zilitumia njia mpya ya kuwasiliana, ambayo XP ya mwaka 2001 haikuifahamu. Kazi ilianza vizuri, kisha kioo kikageuka buluu na namba ya kosa iliyoishia na 7B, maana yake mfumo umeshindwa kuiona diski uliyotakiwa kukaa ndani yake. XP ilikuwa tayari kupokea draiva ya diski wakati wa kuwekwa, ila iliitaka katika disketi, na kompyuta mpakato hizo hazikuwa tena na mahali pa kutia disketi! Mafundi walitoka kwa kuichanganya draiva ndani ya sidii ya XP yenyewe, au kwa kuingia katika mipangilio ya msingi ya mashine na kuiamuru diski ijifanye ni ya aina ya zamani.

Windows 7 nayo ilipatwa na mkasa wake mwaka 2015, zilipotoka prosesa za Intel za kizazi cha sita. Mashine hizo ziliacha njia ya zamani ya kuendesha tundu za USB, zikabaki na mpya peke yake, nayo Windows 7 haikuwa na draiva yake. Matokeo yalikuwa ya kuchekesha kama si ya kuudhi. Mashine yenyewe, kabla mfumo haujashika hatamu, iliweza kuisoma flashi, na kwa hiyo ikaanza kuweka Windows 7. Lakini mara Windows 7 iliposhika kazi, ikashindwa kuiona flashi ileile iliyotoka ndani yake, ikaanza kuomba draiva ya sidii. Kipanya kilichochomekwa kwenye USB nacho kikakaa kimya.

Tena mwaka 2016 jambo likatoka katika ufundi likaingia katika maamuzi. Mwezi Januari mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba prosesa mpya zitakazofuata zitatumikiwa na Windows 10 tu. Baadaye mwaka huohuo ililegeza masharti kwa prosesa za mwaka 2015, lakini si kwa zilizokuja nyuma yake. Na mwaka 2017 kompyuta zenye Windows 7 juu ya prosesa hizo mpya zilianza kunyimwa marekebisho ya kawaida, hata pale ambapo Windows 7 yenyewe ilikuwa inakwenda bila tatizo. Kampuni ilikuwa na sababu zake, kwa maana kuutunza mfumo mkongwe juu ya mashine ambazo haukutengenezewa ni gharama. Lakini mtumishi wa umma anayeagiza mashine yampasa ajue kwamba umri wa mfumo haupimwi kwa kuchakaa kama umri wa meza. Unapangwa na mwenye mfumo, na tarehe yake hutangazwa mapema. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili, 2014. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari, 2020. Windows 10 nayo, ambayo wengi wetu tunaiona bado ni kijana, muda wake wa kutunzwa bure uliisha tarehe 14 Oktoba, 2025.

Turudi kwenye jioni zangu tatu.

Jioni ya kwanza nilizima kinga iitwayo Secure Boot, ambayo kazi yake ni kukataa mfumo wowote usio na sahihi inayotambulika, kwa sababu Windows 7 haina sahihi hiyo. Nilipofanya hivyo kompyuta ikaniomba ufunguo wa tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa maandishi ya siri tangu ilipowashwa mara ya kwanza, bila mtu yeyote ofisini kujua, na ufunguo ulikuwa umehifadhiwa katika akaunti ya kijana aliyeifungua siku ya kwanza, ambaye alikuwa likizo. Bahati njema ilikuwa kwamba ndani yake hamkuwa na kitu ila nakala. Lakini fikirini kama humo mngekuwa na matokeo ya mitihani ya muhula! Nasisitiza hapa kwa walimu hasa: kabla hujagusa mpangilio wowote wa msingi wa kompyuta mpya, uliza kwanza ufunguo huo uko wapi, uuandike katika karatasi, uufungie kabatini.

Nikaendelea kwa ukaidi. Windows 7 ikaonyesha nembo yake, ikaganda hapo. Sababu yake niliijua baadaye. Windows 7 inapoamka hutegemea njia ya kale ya kuandika kwenye kioo, iliyotoka katika kompyuta za miaka ya 1980, na kompyuta mpya zimekwisha iondoa njia hiyo. Intel walisema tangu mwaka 2017 kwamba wangeiacha ifikapo mwaka 2020. Ziko hila za kuipita, nami nimezisoma, lakini ofisi haijengwi juu ya hila.

Jioni ya pili nilishuka nikajaribu Windows 10. Hii iliamka vizuri, ikafika mahali pa kuchagua diski, ikasema haioni diski yoyote. Kompyuta mpakato nyingi zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha kumi na moja huificha diski nyuma ya kidhibiti kipya, na draiva yake haimo ndani ya Windows 10. Nikaitafuta kwa simu yangu, nikaiweka kwenye flashi, diski ikaonekana. Mfumo ukaingia, lakini hapakuwa na Wi-Fi, wala kile kibao cha kusogezea kidole. Nikatafuta draiva moja baada ya nyingine, jioni ya tatu ikaingia, kila kitu kikawa sawa. Ndipo nilipobonyeza ile programu ya kumbukumbu za walimu.

Ikakataa vilevile.

Ndugu zangu, nilikuwa nimetibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao. Programu ile haikukataa kwa sababu Windows 11 ni mpya. Ilikataa kwa sababu ni programu ya biti 16, na Windows yoyote ya biti 64, iwe mpya au kuukuu, haiendeshi programu za biti 16. Ile XP ya zamani ilikuwa ya biti 32, ndiyo maana iliichukua. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 pia, lakini toleo hilo lingehitaji ile njia ya kale ya kuamka ambayo mashine hii haina. Ningekesha hata mwezi.

Aliyetutoa ni karani kijana ambaye hakuwahi kusomea kompyuta. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, hayo majina ya walimu yenyewe yamekaa wapi?" Tulifungua folda tukakuta mafaili yenye herufi DBF mwishoni mwa majina yao. Hayo ni mafaili ya dBase, mtindo wa kuhifadhi kumbukumbu uliotumika sana katika miaka ya 1980 na 1990, na hadi leo LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inayafungua kama jedwali la kawaida. Tuliyafungua. Majina yakajipanga mbele yetu, safu kwa safu, na la yule mzee wa kwenye benchi likiwamo. Vyeo vilikuwa vimeandikwa kwa namba za siri zisizo na maelezo, basi tukaiendesha nakala ya programu ile ndani ya DOSBox, ambayo ni programu ya bure inayoigiza kompyuta ya zamani. DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo wala haikutuwezesha kuchapa kwenye printa, lakini ilitosha kutuonyesha kila namba ina maana gani. Kazi yote ya kuyafungua mafaili haikumaliza asubuhi moja.

Kwa hiyo swali ninalowaachia wenye ofisi wanaotaka kuurudisha mfumo wa zamani ni hili: mnataka mfumo, au mnataka kilichomo ndani yake?

Wako watakaosema kwamba si kila mtu ana programu ya DOS. Wao wanataka Windows 10 au 7 kwa sababu wameizoea, na hiyo mpya inawachanganya. Mazoea nayaheshimu. Mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa juma hana muda wa kutafuta upya kitufe alichokijua kwa miaka kumi. Lakini mazoea hurudi baada ya majuma machache, ilhali tundu la usalama halizibiki lenyewe. Tarehe 12 Mei, 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi nyingi kwa siku moja, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Marekebisho ya kuziba tundu lililotumiwa yalikuwa yametolewa tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7 ambazo hazikuwekewa marekebisho hayo. Mfumo ulioachwa na mwenyewe hauna wa kuuletea marekebisho tena.

Wengine wana printa au mashine ya kuskani ambayo draiva yake haikutengenezwa kwa mfumo mpya. Hao nawaelewa zaidi, maana kifaa kizima kutupwa kwa kukosa draiva ni hasara inayouma. Jaribuni Linux kwa ajili ya kifaa hicho kabla hamjakitupa. Ni bure, na mara nyingi imehifadhi draiva za vifaa ambavyo wengine wamevisahau. Na kama kweli ipo programu isiyokubali ila mfumo wa zamani, basi mfumo huo usiwekwe juu ya mashine moja kwa moja. Uwekwe ndani ya kompyuta ya kuigiza, kwa programu kama VirtualBox, juu ya mfumo mpya unaotunzwa, na usiunganishwe na intaneti. Humo hata XP hukaa bila kelele, kwa kuwa vifaa inavyovikuta ni vya kuigizwa, vya aina inayoijua.

Kuhusu zile flashi zinazozunguka kutoka kwa fundi hadi kwa fundi, zenye Windows 7 "iliyokwisha tengenezwa" ili ikubali mashine mpya, nasema machache. Mtu asiyejulikana ameufungua mfumo, ametia ndani yake anachotaka, ameufunga. Anayeuweka kwenye kompyuta yenye orodha ya mishahara amempa mtu huyo ufunguo wa ofisi.

Na wakati wa kununua programu yoyote ya kumbukumbu, iwe ya ada, ya mitihani au ya utumishi, muulizeni muuzaji kabla ya bei: kumbukumbu zetu zitakaa katika faili la aina gani, na je, tutaweza kuzitoa zote bila programu yako? Akijiumauma, msinunue. Kama ofisi ile ingeuliza swali hilo hapo zamani, yule mwalimu asingeketi kwenye benchi kwa siku nne.

Kompyuta ile niliirudishia Windows 11. Leseni yake imeandikwa ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo haikuhitaji kununuliwa tena. Mzee alipata maelezo yake yakiwa yamepigwa muhuri, akayasoma yote akiwa amesimama mlangoni, akatuonyesha mwaka mmoja wa uhamisho uliokosewa, nasi tukaulinganisha na jalada tukaona yeye ndiye mwenye haki. Yule karani sasa anahamisha kumbukumbu za walimu wote kwenye majedwali mapya, akizilinganisha na majalada moja baada ya jingine. Nilipompigia simu juzi alikuwa amefika herufi ya M, na alikuwa ameona makosa mengine kumi na mawili.